Nusu ya Pili ya Msamaha

Mtu akiniuliza kama nina kinyongo, namjibu ndiyo, ninacho, na kimenenepa. Nimekilisha miaka mingi katika ofisi ya walimu ya shule moja ya bweni huku Mufindi, ambako ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi na wanafunzi hawavui sweta mpaka saa nne asubuhi. Nafundisha kemia. Kwetu ni Tukuyu, ng'ambo ya Mbeya mjini, kwa hiyo baridi siiogopi. Ninachoogopa ni mdomo wa mtu.

Shahada yangu niliichukua Urusi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, iliyobaki ikawa ya kemia, theluji na viazi vya kukaanga kwenye jiko la bweni tulilogombania na wenzetu wa ghorofa nzima. Nilisoma, nikafaulu, nikarudi nyumbani, nikapangiwa shule hii. Sikuleta mume, sikuleta mtoto, sikuleta hata koti la manyoya ambalo kila mtu alidhani ningelileta.

Hapa nilimkuta mwalimu wa historia, mtu wa huku huku Iringa, kijana mwenzangu wakati huo. Alinipokea vizuri. Alinitafutia kuni kavu, akanifundisha kusalimia kamwene, akanionyesha ni duka gani linauza mafuta yasiyochanganywa. Jioni moja alinigongea mlango akiwa na ndizi mbivu na maneno matamu. Nilipokea ndizi, nikarudisha maneno. Akacheka, nikacheka, nikadhani yamekwisha.

Baadaye nikapata mchumba. Alikuwa mhandisi wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, na kumbe walikuwa ndugu wa ukoo na huyo mwalimu wa historia. Mchumba wangu alikuwa anakuja Jumamosi kwa pikipiki, matope mpaka magotini, ananawa miguu kwenye bomba la shule huku wanafunzi wanachungulia. Washenga wake walikwenda Tukuyu kwa mama. Mama alichinja jogoo, wakala, wakasifu ndizi zake, wakapanga siku ya kurudi kuzungumzia mahari. Hawakurudi. Mchumba naye akaacha kupokea simu.

Sababu niliipata sokoni Mafinga, kwenye mafungu ya maharage. Shangazi wa mchumba wangu ndiye aliyeniona kwanza, na kwa kuwa alikuwa mama mkweli hakutaka kunipita kama hanijui.

"Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe," aliniambia. "Ila tuliambiwa. Mwalimu mwenzako ndiye alisema. Alisema mabinti wanaosomaga Urusi wanajulikana wanaishije kule. Alisema wewe ulitoa mimba kule na kizazi kimeharibika. Sisi tunataka wajukuu. Usituchukie."

Alinisaidia kubeba maharage mpaka stendi. Sikuweza kumchukia yeye. Chuki yangu yote niliitunzia yule aliyenipa kuni kavu.

Maneno hayo yalifika Tukuyu kabla yangu. Niliporudi likizo, nikakaa na mama jikoni tunamenya ndizi. Mama yangu si mtu wa kelele, ni Mmoraviani wa kukaa benchi la mbele. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, wanayosema ni kweli?"

"Si kweli, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kumenya.

Mchumba aliyekimbia nilimlilia wiki kadhaa, nikapona. Ile "haya" haikupona. Mama alikuwa na "haya" ya kuamini na "haya" ya kumaliza maneno, na mimi nimezaliwa naye, ninazitambua. Aliyonipa siku ile ilikuwa ya kumaliza maneno. Tangu hapo alinipenda kama zamani, alinifungia maparachichi kama zamani, lakini kila mtu akitaja watoto mbele yetu, alikuwa anabadilisha mazungumzo haraka, kunihurumia kwa jambo ambalo sikulifanya. Hiyo ndiyo hasara niliyotiwa. Nilitaka mama asikie ukweli kwa masikio yake, kutoka kwenye mdomo uleule uliosema uongo. Basi.

Nilimkabili yule mwalimu, mlango wa ofisi umefungwa.

"Mimi, madam?" alisema, mkono kifuani. "Nani amekudanganya? Mimi na wewe ni ndugu."

Kuanzia hapo nikala jiwe. Yeye akapanda. Akawa mwalimu wa taaluma, kisha makamu mkuu wa shule, kisha ikajulikana wazi kwamba mkuu akistaafu kiti ni chake. Mbele ya walimu wengine alipenda kuiita shahada yangu "digrii ya barafu". Wanacheka, anacheka, ananitazama kuona kama nacheka. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na subira ya mtu anayengoja mchemko.

Ndipo akaja binti wa Kirusi.

Alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliletwa na shirika moja la kujitolea, akae nasi muhula mmoja awaonyeshe wanafunzi utamaduni wa kwao. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha na Kiswahili hakuwa nacho kabisa. Mkuu wa shule, mama wa makamo ambaye mawazo yake yalikuwa yameshahamia kwenye shamba lake la miti, aliniita ofisini.

"Madam, kumbe ile lugha yako ina kazi," alisema. "Utakuwa mdomo wake."

Nikawa mdomo wake. Binti akisema Kirusi, mimi nasema Kiswahili, na bwalo zima linanisikiliza mimi. Ni madaraka makubwa kuliko ya makamu, ila hakuna anayeyatambua mpaka yatumike.

Wanafunzi walimpenda. Aliwaambia kwao mtu hapigi mluzi ndani ya nyumba, wakashangaa, maana kwetu nako ukipiga mluzi usiku unaambiwa unaita nyoka. Aliwaambia mgeni anavua viatu mlangoni, wakamwambia huku pia, kwa sababu ya matope. Akawapikia zile chapati zao nyembamba za unga wa ngano, maziwa na mayai, akazisifia kwa nusu saa kabla hajaziweka jikoni. Zilipoiva, mpishi wa shule akanyofoa kipande, akatafuna.

"Si chapati za maji hizi?" akaniuliza.

Nilimtafsiria binti kwamba mpishi anasema ni tamu sana.

Makamu naye ghafla aliipenda Urusi. Kila kipindi alikuja na simu yake kupiga picha, yeye katikati, binti kulia, wanafunzi nyuma. Mwenyekiti wa bodi alikuwa anazitazama picha hizo na makamu alilijua hilo. Akaanza kuwaambia wageni, "Sisi hapa na Warusi ni damu moja." Ile digrii ya barafu ikayeyuka, sikuisikia tena.

Ikakaribia Kwaresma. Binti alisema kwao wiki ya mwisho kabla ya mfungo ni ya sherehe. Wanakula hizo chapati wiki nzima, halafu Jumapili wanatengeneza mtu wa majani makavu, wanamvika nguo kuukuu, wanamchoma moto kuaga majira ya baridi. Makamu akapiga makofi, akaagiza lori lililokuwa linaleta mchele wa shule kutoka Ubaruku lije pia na mabua ya mpunga. Yakaja. Wasichana wa kidato cha tatu wakajaza gauni kuukuu, wakaweka kichwa, wakafunga kilemba, wakamsimamisha nje ya bwalo.

Matroni alipita hapo asubuhi na ndoo ya maji. Ndoo aliiacha palepale, akaenda moja kwa moja kwa mkuu. Mkuu akatoka, akamtazama yule mtu wa majani kuanzia kilemba mpaka miguuni.

"Mmevika gauni, mmefunga kilemba, na mnataka kumchoma," alisema polepole. "Mwanangu, mwambie huyu binti. Mama yeyote akiugua kijijini wiki hii, tutaulizwa sisi."

Nilimtafsiria binti neno kwa neno, akaweka mkono mdomoni. Hakuwa amefikiria. Makamu, aliyekuwa ameagiza mabua, alisema yeye mwenyewe hilo la kuchoma lilikuwa linamtatiza tangu mwanzo. Mtu wa majani akavuliwa, mabua wakapewa ng'ombe wa shule.

Lakini sherehe ilikuwa imeshatangazwa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi, na kwetu shughuli ikishapata mgeni rasmi haiwezi kufutwa hata kama haijulikani ni shughuli gani. Tukakaa ofisini: mkuu, makamu, binti, na mimi mdomo. Makamu akauliza kama hakuna kitu kingine wanachofanya Jumapili hiyo, kisicho na moto.

Binti akasema kipo. Jumapili ileile watu wanaombana msamaha. Unamwendea mwenzako unasema, nisamehe. Yeye anakujibu, Mungu atakusamehe, nami nakusamehe. Mnaingia kwenye mfungo mioyo ikiwa mieupe.

Nilikuwa naijua. Mwaka wangu wa kwanza Urusi kulikuwa na bibi mlinzi wa mlango wa bweni, aliyenifokea majira yote ya baridi. Nimechelewa, ananifokea. Nimewahi, ananifokea nimeleta theluji. Jumapili hiyo nilipita mbele yake nikiwa nimejiandaa kufokewa, akasimama, akavua miwani, akaniambia, "Nisamehe." Mwenzangu wa chumbani akaninong'oneza la kujibu, nusu mbili, nikazirudia vibaya vibaya, na yule bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jumatatu alinifokea kama kawaida, ila sikuumia tena.

Kitu kimoja binti alikisisitiza pale ofisini, na alikisema vizuri sana kwa Kirusi. Alisema uzuri wake ni kwamba kosa halitajwi. Huulizi kwa lipi. Unaomba kwa yote, unasamehewa kwa yote.

Wote wakanigeukia wasikie.

Nikawaambia kwa Kiswahili, "Anasema masharti yapo. Anayeomba lazima alitaje kosa lenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Asipolitaja, msamaha haupo."

Sikupanga. Maneno yalitoka yamenyooka kama yalikuwa yameketi mlangoni na viatu miguuni. Mkuu akasema, "Hilo ni zuri kwa nidhamu." Makamu akaandika kwenye simu yake, akasema atalisimamia mwenyewe. Binti akaniuliza mbona Kiswahili changu kimekuwa kirefu kuliko Kirusi chake. Nikamwambia Kiswahili ni lugha ya adabu, ina mapambo mengi. Sijutii mpaka leo.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu. Nikamwambia shuleni kuna sherehe ya wazazi, aje. Akasema yeye si mzazi wa mwanafunzi. Nikamwambia ni mzazi wa mwalimu. Alipanda basi Tukuyu na mkungu wa ndizi, nikampokea Mafinga, nikampigia goti pale stendi, nikamwamkia kikwetu, "Mugonile," akanishika kichwa. Hakuniuliza sherehe ya nini.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bwalo lilijaa. Meza kuu ilifunikwa kitambaa cheupe, mgeni rasmi katikati, mkuu kulia, makamu kushoto na kipaza sauti mkononi. Mama nilimkalisha benchi la kwanza upande wa dirisha, kitenge cha bluu, mikono mapajani. Binti alisimama pembeni na bakuli la chapati zake na asali ya hapa Mufindi. Kila aliyemaliza kusameheana alikuwa anapewa moja.

Makamu alifungua. "Mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa," akaanza, akaeleza mila ya Warusi kana kwamba amelelewa nayo. Akarudia lile sharti langu vizuri kuliko mimi. "Bila kutaja kosa, msamaha haupo," alisema, na bwalo likarudia baada yake.

Wanafunzi wakaanza. Msichana wa kidato cha pili alimwendea mwenzake akasema alichukua mandazi yake. Makamu akaingilia kwa kipaza sauti.

"La kweli. Hilo la mandazi bweni zima linalijua. Hapa tunataka la kweli."

Msichana akasema alimwambia mwalimu wa nidhamu kwamba mwenzake ndiye aliyeruka uzio, wakati ni yeye. Bwalo likaguna. Yule mwenzake akajibu nusu zote mbili na wanafunzi wakazisema pamoja naye, wakakumbatiana, wakapewa chapati. Ikawa hivyo kwa kila aliyefuata. Mtu akileta kosa dogo, makamu anasema "La kweli," na baada ya muda wanafunzi wa nyuma wakawa wanalisema kabla yake. Mwalimu wa hesabu alimwomba msamaha mwalimu wa Kiingereza kwa kumwita mvivu kwenye kikao asichokuwepo. Mpishi aliomba kwa wanafunzi wote kuhusu mawe kwenye maharage. Watu walicheka, wengine walifuta macho. Mgeni rasmi alikuwa amefurahi, anamnong'oneza mkuu, na nilimwona makamu anavyonyoosha tai akiona hayo.

Kisha akasimama. "Kiongozi bora anaonyesha mfano," alisema. Akaja mbele yangu, mimi niliyesimama katikati ya bwalo kama mkalimani. Alinichagua kwa sababu picha ingependeza: makamu, mkalimani, binti wa Kirusi nyuma.

Kabla hajafungua mdomo nilimwambia, si kwa sauti kubwa, "Mwalimu, nikutambulishe kwanza. Yule mama wa kitenge cha bluu ni mama yangu mzazi. Ametoka Tukuyu kuja kusikiliza."

Akamtazama mama. Mama akamwinamishia kichwa kwa heshima. Tabasamu la makamu likabaki usoni peke yake, macho yameshaondoka.

"Madam," akasema kwenye kipaza sauti, "nisamehe kwa siku ile niliyochelewesha ratiba ya mitihani, ukapata usumbufu."

"Hilo nilishalisahau," nikamwambia.

Mvua ilipiga mabati. Kutoka benchi za nyuma sauti moja ikasema, taratibu, kwa adabu kabisa:

"La kweli, mwalimu."

Kisha nyingine. Kisha wengi. Hawakuwa wanamkomesha, wao walikuwa kwenye sherehe, walidhani wanamsaidia kama walivyosaidiwa. Makamu aliteremsha kipaza sauti. Kiranja mkuu, msichana mwenye bidii ya kupita kiasi, akakipokea mkononi mwake na kukipeleka karibu na mdomo wa makamu. Mgeni rasmi alikuwa ameinama mbele. Mkuu alikuwa anamtazama makamu wake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, nikajua kwamba naye alikuwa anajua, labda miaka yote.

Nilimtazama machoni. Nilikuwa tayari kusimama pale mpaka bwalo liote majani.

"Niliwaambia ndugu zangu maneno juu yako," alisema. "Ya Urusi. Wale waliotaka kukuoa."

"Wanafunzi wa nyuma hawasikii," nikasema, kwa sauti ninayotumia darasani.

Akavuta pumzi. "Niliwaambia maneno juu yako na hayakuwa ya kweli. Sikuambiwa na mtu. Niliyatunga mwenyewe. Nisamehe."

Maneno gani, sikumuuliza, na hakuna aliyeuliza. Aliyetakiwa kuyajua alikuwa anayajua. Niligeuza macho kwenye benchi la kwanza na mama alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono yote miwili, haangalii kulia wala kushoto.

Nilikuwa nimeiwazia saa hiyo kwa namna nyingi. Kwenye mawazo yangu nilikuwa namtukana, au namcheka, au natoka nje na kumwacha. Ilipofika sikuhitaji hata kimoja. Mila yenyewe ilikuwa na kisu ndani, mimi nilikigeuza tu.

"Mungu atakusamehe," nikasema.

Bwalo lilikuwa limeshavuta pumzi kuniunga mkono kwenye nusu ya pili, kama lilivyofanya mchana wote. Wachache wa mbele walianza, "Na..." wakakatika. Nilimtazama mtu aliyeninyima ukweli miaka ile nikaona anangoja. Mkono wake ulikuwa umeanza kunyooka kupokea chapati. Nilisikia raha, na siwezi kusema uongo kwamba niliona haya kwa raha hiyo.

Nikageukia foleni.

"Anayefuata."

Makamu alibaki amesimama hapo kidogo, akarudi meza kuu bila chapati. Nilitegemea anayefuata awe mwalimu wa michezo, ndiye aliyekuwa kwenye foleni. Lakini mwalimu wa michezo alikuwa ametoa njia, na aliyekuwa anakuja ni mama.

Hakuna aliyemwita. Alitembea polepole kwenye sakafu ya saruji, akasimama mbele yangu, na kabla sijaelewa anafanya nini akaanza kukunja goti. Kwetu mtoto ndiye anayempigia mzazi goti, na kinyume chake sijakiona wala kukisikia. Nilimdaka viwiko vyote viwili.

"Mama, hapana."

"Niache, nimesikia masharti," alisema. Kiranja alisogeza kipaza sauti, mama akakisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. Alisema kwa sauti yake ya jikoni, lakini bwalo lilikuwa kimya na watu walisikia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuuliza. Wewe nimekuzaa mimi, nimekulea mimi, halafu nikakuuliza maneno ya watu. Na uliponijibu sikukuamini. Nilikuwaga nakuombea kanisani kwa dhambi ambayo hukufanya."

Hilo la mwisho sikulijua. Sharti nililolitunga mwenyewe lilikuwa limempata mtu ambaye sikumtegea.

Nikajibu upesi, nikihofia atasubiri hata kidogo. "Mungu atakusamehe, mama, nami nimekusamehe." Wanafunzi wakasema nami, wote, mpaka mabati yakaitikia. Mama akanishika uso, mikono yake bado ina utomvu wa ndizi za jana. Binti wa Kirusi akampa chapati mbili.

Jioni tulipokuwa tunaosha masufuria, binti aliniuliza. Kiswahili hakuwa nacho, lakini zile nusu mbili alizisikia mara nyingi siku ile kiasi cha kuzijua kwa sauti.

"Kwa makamu ulisahau nusu," aliniambia.

"Sikusahau," nikamjibu kwa Kirusi, ili asije akakosea.

Alinitazama sana, akaendelea kusugua sufuria. Mwisho wa muhula akarudi kwao.

Makamu alipata kile kiti. Sikuwa nimekitaka kwa hiyo sikukizuia, na kwenye bodi hakuna aliyenukuu yaliyosemwa bwaloni. Sasa ndiye mkuu wangu, anasaini likizo zangu, ananisalimia kamwene kila asubuhi nami namwitikia. Mchumba wa Mgololo nilisikia ana watoto wakubwa. Mama siku hizi watu wakitaja wajukuu mbele yetu habadilishi mazungumzo. Anawaambia mwanangu hakuolewa kwa sababu ya mtu mwongo, na anamtaja mpaka shule anayofundisha.

Ila mgeni rasmi aliipenda mno ile sherehe. Aliagiza ifanyike kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresma, na mkuu wa shule afungue kwa kuonyesha mfano. Kwa hiyo kila mwaka anakuja. Anavuka bwalo mbele ya wanafunzi wote, hata wale wapya wasiojua lolote, anasimama mbele yangu na kulitaja kosa lilelile, maana jingine lolote wa nyuma wangemwambia si la kweli. Mwaka huu alikuja na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alisema yote, kwa sauti, bila kuambiwa.

"Mungu atakusamehe," nilimwambia.

Alingoja. Safari hii alithubutu kuninong'oneza, "Madam, na ile nyingine?"

Nikamwambia ukweli. Ile nyingine ilikuwa moja tu, na nilimpa mama.